Leseni ya kutuma fedha nje si karatasi ya kutundika ukutani

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou huwa na maswali mengi kabla hajafungua mfuko. Huuliza bei ya kontena, huuliza ushuru, huuliza meli itakaa siku ngapi baharini na gharama za bandarini zitafika wapi. Swali moja huachwa mara nyingi: yule anayepokea shilingi zake hapa Dar es Salaam na kuahidi kwamba yuan zitamfikia muuza vitambaa kule China, ameruhusiwa na nani kufanya kazi hiyo? Jibu la kawaida ni kwamba ni mtu wa siku nyingi, hajawahi kumwangusha mtu. Au kwamba dukani kwake kuna karatasi yenye mhuri. Majibu yote mawili yana upungufu, na upungufu huo umekwisha kuwagharimu watu fedha nyingi, hapa Afrika Mashariki na kwingineko.

Biashara ya kutuma fedha kati ya nchi na nchi haifanani na duka la nguo. Mwenye duka la nguo akikutwa hana leseni hutozwa faini, hufungiwa siku mbili tatu, kisha hufungua tena. Nguo zilizomo ni zake. Mwenye duka la kutuma fedha anashika mali ya watu wengine. Siku akifungiwa, kinachofungiwa ni ada ya shule ya mtoto wa mtu, bei ya mzigo ambao umekwisha kupakiwa, na dawa za mama mzazi wa mtu. Kwa hiyo serikali karibu zote duniani zimeizungushia biashara hii masharti mengi kuliko ukubwa wa maduka yenyewe, na kwa hiyo pia mwenye mtaji mdogo anayealikwa kuingia ubia humo anapaswa kuyaelewa masharti hayo kabla ya kuhesabu faida.

Kwa hali halisi ya mambo, anayefanya kazi hii anahitaji ruhusa tatu. Ya kwanza ni ya nchi fedha zinakotoka. Ya pili ni ya nchi zinakopokelewa. Ya tatu haitolewi na mdhibiti yeyote wala haitundikwi ukutani: ni ridhaa ya benki inayomshikia akaunti, pamoja na benki kubwa ya nje ambayo benki hiyo nayo huitegemea kupitishia dola zake. Wawekezaji wanaoombwa mtaji huonyeshwa ruhusa ya kwanza kwa fahari, na ya pili wakiuliza. Ya tatu ndiyo iliyowaangusha wengi, tena wengine wakiwa na leseni zao halali mkononi.

Mfano wake kwa Tanzania hauhitaji kutafutwa mbali. FBME Bank ilikuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania na makao makuu yake yalikuwa Dar es Salaam, ingawa sehemu kubwa ya shughuli zake ilifanyika Cyprus. Julai 2014 kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachoshughulikia uhalifu wa kifedha kilitangaza kwamba kinaihesabu benki hiyo kuwa tishio kubwa katika utakatishaji wa fedha haramu. Benki ilikana, na baadaye ikaenda mahakamani huko huko Marekani. Siku tangazo lile lilipotoka hakukuwa na hukumu ya mahakama yoyote, wala leseni ya Dar es Salaam ilikuwa haijaguswa. Lakini benki za nje zilijitenga nayo, na mwezi huo huo Benki Kuu ya Tanzania ikaiweka chini ya usimamizi wake. Mei 2017 leseni ilifutwa. Wenye amana walielekezwa Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa kila mwenye amana. Mwenye milioni moja alipata chake chote. Mwenye mtaji wa biashara uliolala humo alijipanga kwenye foleni ya mfilisi.

Yafaa ieleweke kwa nini benki kubwa huogopa kiasi hicho. Desemba 2012 HSBC ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.9 kwa makosa ya kushindwa kuzuia fedha haramu zisipite kwake. Baada ya hapo wakurugenzi wa benki nyingine walikaa chini kupiga hesabu. Ada ambayo kampuni ndogo ya kutuma fedha huilipa benki kwa mwaka ni kiasi kidogo. Faini inayoweza kuzaliwa na mteja mmoja mbaya wa kampuni hiyo haina mwisho. Hesabu ya namna hiyo haihitaji ushahidi kwamba kampuni imekosa. Inatosha kwamba inaweza kukosa.

Mei 2013 Barclays ikazijulisha kampuni za kutuma fedha zipatazo 250 nchini Uingereza kwamba itazifungia akaunti. Miongoni mwao ilikuwa Dahabshiil, kampuni ya familia iliyoanzia Burao mwaka 1970 na kufika kuwa mkubwa wa njia ya fedha kwenda Somalia, nchi ambayo wakati ule haikuwa na benki za kawaida za kufanya kazi hiyo. Makisio ya mashirika ya misaada ya wakati huo yalikuwa kwamba Wasomali walioko nje walikuwa wakituma nyumbani dola bilioni 1.3 kwa mwaka, na familia nyingi zilikuwa zikila kwa fedha hizo. Dahabshiil ilikuwa na idhini halali ya Uingereza. Barclays yenyewe haikusema kwamba kampuni hiyo imevunja sheria; ilisema tu kwamba biashara ya aina hiyo ina hatari ambazo benki haitaki tena kuzibeba.

Dahabshiil ilikwenda Mahakama Kuu ya London, na Novemba 2013 ikapata amri ya muda ya kuizuia benki isifunge akaunti. Hoja iliyoisaidia haikuwa ya leseni. Ilikuwa ya ushindani wa kibiashara: kwamba benki yenye nguvu sokoni ilikuwa inatumia nguvu hiyo vibaya. Aprili 2014 pande mbili zilielewana, kampuni ikapewa muda wa kutafuta njia nyingine. Hiyo ilikuwa kampuni kubwa, yenye mawakili wa gharama na jina linalojulikana na wabunge. Kampuni ndogo zilizokuwa katika orodha ile ile hazikuwa na uwezo wa kulipia wakili hata wa wiki moja, na hazikusikika tena magazetini.

Mwekezaji mdogo na ajiweke katika nafasi ya mtu aliyenunua hisa za kampuni ndogo ya aina hiyo Aprili 2013. Vitabu vilikuwa safi, wateja walikuwepo, leseni ilikuwa halali. Mwezi mmoja baadaye barua ya benki ilifika.

Wapo watakaosema hayo ni ya Ulaya. Aprili 2015 yaligonga Nairobi, na safari hii mkono ulikuwa wa serikali. Siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili, ambapo watu 148 walipoteza maisha, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi zikiwa za wafanyabiashara wa asili ya Kisomali wenye ofisi zao Eastleigh. Kampuni hizo hazikuwa za vichochoroni. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetoa kanuni za utumaji fedha mwaka 2013, na walioitikia wakajaza fomu, wakaweka mtaji uliotakiwa, wakaajiri watu wa kusimamia masharti na kupewa leseni. Walioitikia wito huo ndio waliojulikana walipo. Usimamishaji uliondolewa Juni 2015, yaani baada ya zaidi ya miezi miwili.

Uchungu wa Wakenya wakati ule ulikuwa halali, na hakuna serikali inayoweza kukaa kimya baada ya msiba wa namna ile. Lakini leseni hutolewa kwa kampuni moja moja, baada ya kila moja kukaguliwa peke yake. Ingefaa pia iondolewe kwa kampuni moja moja, kwa kosa linalotajwa. Kuzifungia zote siku moja kunawafundisha wenye maduka somo baya: kwamba aliyejiandikisha na aliyejificha hupata adhabu ileile, tofauti ikiwa kwamba aliyejiandikisha hupatikana kwa urahisi. Na mahitaji ya kutuma fedha hayasimami kwa tangazo. Mwenye ndugu Mogadishu ataendelea kumtumia, kwa dereva wa lori, kwa abiria, au kwa mtu asiyeandika kitu popote. Fedha ambazo jana zilikuwa na jina la mtumaji na la mpokeaji katika kompyuta ya Eastleigh huwa leo hazina jina.

Tanzania nayo ilipitia jambo linalokaribiana na hilo. Maduka ya kubadilisha fedha yaliyoruhusiwa tangu mwaka 1992 yalikuwa yameenea hadi kwenye miji ya watalii. Novemba 2018 Benki Kuu, ikisaidiwa na askari wa jeshi, ilifanya ukaguzi wa ghafla Arusha, na mapema 2019 ukafuata wa Dar es Salaam. Maduka mengi yalifungwa, kanuni mpya zenye mtaji mkubwa zaidi zikatolewa, na kwa muda mrefu aliyetaka kubadilisha dola mia alilazimika kupanga mstari benki. Kwamba yalikuwepo maduka yasiyo na leseni na mengine yaliyotumika vibaya, hilo wenye maduka wenyewe walikuwa wakilijua. Kilichobaki kuwa kigumu kwa waliokuwa wakifuata sheria ni kwamba hawakuwa na njia ya kuonyesha tofauti yao mapema, kabla ya siku ya ukaguzi.

Hata hivyo itakuwa kosa kuwalaumu wadhibiti peke yao. Upande wa wafanyabiashara kuna desturi ambayo imekwisha kuleta hasara zaidi ya mara moja, nayo ni ya kukodi leseni ya mwingine. Kampuni changa huona kwamba kuomba leseni ni kazi ya miaka, basi hujishikiza kwa kampuni yenye leseni au kwa benki, ikafanya kazi chini ya mwavuli huo, na kutangaza huduma kama vile ni yake. Mambo yanakwenda vizuri mpaka siku mwenye mwavuli anapoukunja.

Novemba 2015 ndivyo ilivyokuwa kwa BitPesa, kampuni iliyokuwa ikitumia sarafu ya bitcoin kupitishia malipo ya kimataifa yaliyomalizikia katika M-Pesa. Haikuwa imeunganishwa na Safaricom moja kwa moja. Ilipitia kampuni nyingine ya malipo iliyoitwa Lipisha. Safaricom ilipokata huduma kwa Lipisha, BitPesa nayo ilikatika. Wote wawili walikwenda Mahakama Kuu Nairobi kuomba huduma irudishwe, na Desemba 2015 mahakama ilikataa kutoa amri hiyo. Jambo lililowaumiza lilikuwa kwamba BitPesa haikuwa na idhini ya Benki Kuu ya Kenya kwa kazi ya kutuma fedha. Lipisha, aliyekuwa akipangisha, aliumia pamoja na mpangaji wake.

Miaka saba baadaye somo lilirudiwa kwa kampuni kubwa zaidi. Julai 2022 aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, alisema hadharani kwamba Flutterwave na Chipper Cash hazikuwa na leseni ya kufanya kazi ya malipo wala ya kutuma fedha Kenya, na tarehe 29 mwezi huo benki zikaagizwa kuacha kushughulika nazo. Mwezi huo huo mahakama ilikuwa imezuia akaunti kadhaa za Flutterwave kwa ombi la wakala wa serikali wa kurejesha mali. Flutterwave ilijitetea kwamba ilikwisha kuomba leseni na kwamba ilikuwa ikifanya kazi kupitia benki na kampuni za simu zenye leseni. Kesi hizo ziliondolewa mwaka 2023. Lakini mfanyabiashara ambaye malipo ya wateja wake yalipita humo hakuwa na haja ya kujua nani atashinda kesi. Alikuwa na haja ya fedha zake mwezi ule.

Tofauti inayopaswa kushikwa ni kati ya wakala na mpangaji. Wakala ameandikishwa kwa jina lake na kampuni yenye leseni, mdhibiti anamfahamu, na akikosea mwenye leseni ndiye anayejibu. Mpangaji anafanya biashara yake mwenyewe na kutumia jina la mwingine kama ngao. Wawili hao wakisimama mbele ya mteja wanafanana. Njia ya kuwatenganisha ni kuangalia risiti: jina la nani limechapwa juu, na nani anatajwa kuwa anadaiwa fedha mpaka zifike.

Ndugu walioko nje nao huingia katika shimo hili kwa nia njema kabisa. Mtanzania au Mkenya aliyeko Texas anakusanya fedha za wenzake kumi, anazipitisha katika akaunti yake mwenyewe, ndugu yake aliyeko nyumbani anazigawa, na yeye anabakiwa na kiasi kidogo cha usumbufu. Kwa sheria ya Marekani hiyo ni biashara ya kutuma fedha. Inatakiwa kuandikishwa serikali kuu na, mbali na Montana, kuwa na leseni ya jimbo pia. Kuifanya bila hivyo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela miaka mitano. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2001, kusema kwamba hakujua kuwa leseni inahitajika si utetezi.

Turudi Kariakoo. Yule mtu wa siku nyingi anayepeleka fedha China mara nyingi hapeleki kitu. Anapokea shilingi hapa. Mwenzake aliyeko Guangzhou au Yiwu ana yuan na anahitaji shilingi, au anamdai, au anamjua anayemdai. Yuan zinatoka mkononi mwa mtu kule kwenda kwa muuza bidhaa, shilingi zinabaki hapa, na hakuna senti iliyovuka mpaka. Ni hawala ya kale, inayojulikana Zanzibar, Mombasa na Muscat tangu enzi za majahazi, na yenyewe kama njia haina dhambi. Falme za Kiarabu zimeiwekea utaratibu wa kujiandikisha badala ya kuipiga marufuku.

Ubaya unatoka kwenye swali la yuan zile ni za nani. Raia wa China ana kikomo cha kununua fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwenye yuan nyingi anayetaka kuzitoa hutafuta mlango wa pembeni, na miongoni mwa wanaoutafuta mlango huo wamo wenye fedha za kamari na za utapeli wa simu. Polisi wa China wakifuata nyayo za fedha za utapeli huzikuta katika akaunti ya muuza vitambaa, na huifunga akaunti hiyo. Yiwu wafanyabiashara wengi wamekumbana na jambo hili. Muuzaji akifungiwa akaunti hamtambui tena mteja wa Dar es Salaam: anasema hajalipwa, na kwa hali ilivyo ni kweli fedha hanazo. Mzigo unabaki ghalani. Mteja naye hana mahali pa kulalamika, maana alichonacho ni ujumbe wa simu uliosema "imeingia". Nafuu aliyoipata kwenye kiwango cha kubadilishia, ambayo ndiyo iliyomvuta, haifikii hata ushuru wa kreti moja ya mzigo huo.

Inafaa kuwa wakweli kuhusu sababu inayompeleka mfanyabiashara huyo huko. Simu imemrahisishia mwenye kutuma kidogo: Februari 2014 Tigo iliunganisha Tanzania na Rwanda, na mwaka 2015 M-Pesa ya Vodacom Tanzania iliunganishwa na ya Safaricom Kenya, kila upande ukiwa na mdhibiti wake na leseni yake. Benki nazo zinamhudumia mwenye kutuma kikubwa. Anayelipia mzigo wa dola elfu nane amekaa katikati, mkubwa mno kwa simu na mdogo mno kwa meneja wa benki, ambaye humtaka nyaraka zilezile za mwagizaji wa meli nzima ya ngano. Uhaba wa dola wa mwaka 2023 na 2024 ulimsukuma mbali zaidi na dirisha la benki. Kama Benki Kuu za eneo hili zinataka kuiona biashara hii mwangani, ngazi ya katikati ndiyo ya kushughulikiwa kwanza: leseni yenye mtaji wa wastani, kikomo cha kiasi kwa kila mteja, na nyaraka mbili tatu zinazopatikana siku ileile. Kupandisha mtaji wa leseni peke yake kunapunguza idadi ya wenye leseni, hakupunguzi idadi ya wanaotuma.

Upande wa gharama, wenye biashara hii hulalamika kwamba masharti yanawala. Wana haki kiasi. Ofisa wa kusimamia masharti lazima alipwe vizuri, vinginevyo ataondoka na siri za duka. Kila mteja lazima atambuliwe, kumbukumbu zitunzwe, miamala ya kutia shaka iripotiwe, kwa Tanzania katika Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu chini ya sheria ya mwaka 2006. Kila jina lazima lilinganishwe na orodha za watu waliowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa. Hapo pwani yetu ina taabu yake: majina ya Mohamed, Ali, Salim na Hassan yamo katika orodha hizo kwa wingi, na babu wa Tanga asiye na habari hukuta fedha za mwanawe zimezuiwa siku nne kwa sababu tu ya ubini wake. Duka linalochukua tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho tangu mwanzo humaliza shaka hiyo kwa dakika chache. Lisilochukua hupoteza mteja.

Gharama zote hizo mwisho hulipwa na mtumaji. Nchi za dunia zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma iwe chini ya asilimia 3. Kwa Afrika kusini mwa Sahara bado iko mbali juu ya hapo. Lakini anayedhani kwamba njia ya kushusha bei ni kuacha masharti atazame orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha haramu kilichoundwa mwaka 1989. Uganda ilikaa humo kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024. Tanzania iliingia Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Kenya iliwekwa Februari 2024. Nchi ikiwa humo, benki ya London au ya Frankfurt huuliza maswali mara mbili kwa kila dola inayotoka huko, na maswali hayo huwa na ada. Mwenye duka dogo anayefuata masharti humlipia yule asiyeyafuata.

Wala ukubwa si kinga. UAE Exchange, iliyoanza mwaka 1980 na kujulikana kwa kila mfanyakazi wa Ghuba, ilikuwa na leseni katika nchi nyingi. Kampuni mama yake, Finablr, iliuza hisa katika soko la London Mei 2019, na wawekezaji wadogo walinunua wakiona maduka yamejaa watu. Machi 2020 bodi iligundua hundi za thamani ya dola milioni 100 zilizokuwa zimewekwa dhamana bila yenyewe kujua. Hisa zikasimamishwa kuuzwa, na Benki Kuu ya Falme za Kiarabu ikachukua usimamizi wa UAE Exchange. Madeni halisi yalipohesabiwa yalikuwa zaidi ya dola bilioni moja. Desemba 2020 yalifikiwa makubaliano ya kuiuza kampuni kwa dola 1. Leseni zote zilikuwepo. Ambacho hakuna aliyekiona ni mpaka uliotenga fedha za kampuni na fedha nyingine.

Mpaka huo ndio wa kuulizia kwanza. Katika fedha za simu Tanzania, fedha za wateja hukaa benki katika akaunti ya udhamini, mbali na za kampuni, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 iliupa utaratibu huo nguvu. Ni fedha zinazoonekana kiasi kwamba mwaka 2014 Tigo Pesa, kama ilivyoitwa wakati huo, ilianza kuwagawia watumiaji faida iliyotokana nazo. Kampuni ya kutuma fedha nje ambayo haiwezi kusema fedha za mteja zinalala benki gani kati ya saa ya kupokelewa na saa ya kulipwa, haifai kupewa mzigo wa mtu wala mtaji wa mtu.

Kwa hiyo anayeletewa kitabu cha hesabu na kuambiwa achangie shilingi milioni kumi katika duka la namna hii, aanze kukisoma kuanzia mwisho. Leseni atazame imeandikwa jina la nani na kwa kazi gani, maana ya kubadilisha fedha si ya kutuma. Jina la mshirika wa upande wa pili, wa Guangzhou, Dubai au Minneapolis, alilinganishe na daftari la mdhibiti wa huko, ambalo siku hizi kwa nchi nyingi husomwa na yeyote kwa simu. Kisha aombe barua ya benki inayokiri kwamba akaunti hiyo ni ya biashara ya kutuma fedha, na kwamba benki inalijua hilo. Wako wanaofungua akaunti kwa jina la duka la vipuri. Na barua hiyo iwe ya mwaka huu.